Kuchora Ramani ya Hatari za Mafuriko Kwenye Vijito vya Milimani

Kwenye mto wa tambarare, ramani ya mafuriko hujibu swali moja kubwa: maji yatafika wapi? Kijito cha mlimani hakimalizwi na swali hilo. Kina kasi, kinabeba mawe na magogo, kinamega kingo zake, na kwa saa chache za mvua kubwa kinaweza kuihama njia yake na kujichimbia nyingine pembeni. Anayechora kina cha maji peke yake anaacha nje ya ramani vitu vinavyobomoa nyumba kwelikweli: mawe, tope, magogo na kingo zinazoporomoka.

Tarehe 7 Agosti 1996, kijito cha Arás karibu na Biescas, kaskazini mwa Hispania, kilishukia kambi ya mahema iliyokuwa juu ya upepeo wa mashapo, yaani ule uwanda unaotanuka mahali kijito kinapotoka mlimani na kutua mzigo wake wa mchanga na mawe. Watu 87 walikufa. Uwanda wenyewe ulikuwa ushahidi tosha, kwa kuwa hakuna kilichoujenga isipokuwa mafuriko ya kijito hicho hicho. Kazi inayoelezwa hapa ni ya kuusoma ushahidi wa namna hiyo, kuupima, na kuuweka kwenye ramani ambayo mpangaji wa makazi au mwenye kiwanja ataweza kuitumia.

Anza na umbo la bonde

Kabla ya kwenda uwandani, chora mpaka wa bonde lote linalomwaga maji kwenye kijito chako. Data huria za mwinuko zenye chembe (miraba inayounda picha) za upana wa mita 30, kama SRTM au Copernicus GLO-30, zinatosha kwa hatua hii, na QGIS, programu ya ramani, itakufanyia kazi bila malipo. Ziba mashimo ya uongo kwenye data kwanza, kisha tafuta njia za maji, kisha weka alama pale kijito kinapotoka mlimani na uiamuru programu ichore bonde lililo juu ya alama hiyo. Linganisha njia iliyopatikana na picha ya satelaiti. Kwenye msitu mnene data hizi hupima vilele vya miti badala ya ardhi, hivyo njia ya maji inaweza kurukia bonde la jirani. Ikitokea hivyo, chora njia sahihi kwa mkono kutoka kwenye picha na uichimbe kwenye data kabla ya kurudia.

Sasa toa namba tatu: eneo la bonde kwa kilomita za mraba, tofauti ya mwinuko kati ya kilele na mdomo wa bonde kwa kilomita, na urefu wa bonde. Gawanya tofauti ya mwinuko kwa kipeuo cha pili cha eneo. Huo ndio uwiano wa Melton. Mipaka inayotumika sana, iliyotokana na mabonde ya British Columbia nchini Kanada, ni hii: chini ya 0.3, tarajia mafuriko ya maji ya kawaida. Kati ya 0.3 na 0.6, tarajia mafuriko yaliyojaa mashapo. Zaidi ya 0.6 na urefu wa bonde usiofika kilomita 2.7, tarajia maporomoko ya tope na mawe.

Chukua bonde la kilomita za mraba 3 lenye tofauti ya mwinuko ya mita 1,200 na urefu wa kilomita 2.4. Kipeuo cha pili cha 3 ni 1.73, na 1.2 ukigawa kwa 1.73 unapata 0.69. Bonde hilo linaweza kutoa tope na mawe, na hesabu ya maji matupu haitatosha. Uwiano huu unakwambia cha kutafuta uwandani, lakini hauamui kitu peke yake. Mabonde yenye mwamba mgumu usio na udongo huwa na uwiano mkubwa na bado hayashushi mawe mengi, kwa sababu hakuna cha kushusha.

Kwa hiyo hatua inayofuata ni kutafuta mzigo unatoka wapi. Fungua picha za angani za miaka tofauti (Google Earth Pro ina za zamani) na uweke alama kila penye mporomoko wa ardhi, korongo linalokua, msitu ulioungua, kifusi cha barabara kilichosukumiwa bondeni, au ziwa lililozuiwa na kifusi au na mawe ya barafu ya kale. Tenganisha miporomoko iliyogusa kijito na ile iliyoishia katikati ya mteremko. Ya kwanza ndiyo inayolisha mafuriko. Korongo jembamba ambalo mteremko mmoja unaweza kuliziba lipewe alama yake maalumu, kwani bwawa la kifusi likivunjika hutoa wimbi ambalo hakuna takwimu ya mvua itakayolitabiri.

Vifaa na usalama

Huhitaji vingi. Beba utepe wa kupimia wa mita 50, kipima mteremko, fimbo ya kupimia yenye alama za sentimita, simu yenye QField au programu nyingine ya kukusanya data, rangi ya kupulizia, na daftari linalostahimili maji. Kwa usawa wa mwinuko, kama huna levo ya wapima ardhi, ule mpira mwangavu uliojazwa maji ambao mafundi husawazishia msingi hupima vizuri sana katika umbali mfupi, mradi mapovu yote yametolewa. GPS ya simu hutoa nafasi yenye kosa la mita kadhaa mahali pa wazi na kubwa zaidi ndani ya korongo. Kimo chake usikitumie kwa lolote linalohusu kina cha maji.

Usiingie korongoni wakati mawingu yameshika kilele, hata kama ulipo kuna jua. Maji yakibadilika rangi ghafla, ukisikia ngurumo isiyokoma, au maji yakipungua ghafla wakati mvua inanyesha, panda juu kwa upande wa mteremko mara moja, usikimbie kufuata mkondo. Kupungua huko huwa na maana kwamba kuna kitu kimeziba huko juu.

Kutembea kijito kutoka chini kwenda juu

Anzia kwenye upepeo, maliza kwenye vyanzo. Sababu ni kwamba chini ndiko kulikobaki kumbukumbu ya kila kilichopita, na ukishajua mawe ya aina gani yamefika, unapanda ukijua unatafuta chanzo gani. Fanya kazi hii majira ya kiangazi, majani yakiwa machache na maji yakiwa chini.

Swali la kwanza katika kila tuta la mashapo ni kama lililetwa na maji au na tope. Maji huchambua: mchanga upande mmoja, kokoto upande mwingine, na mawe bapa hulaliana yakiinamia upande maji yanakotoka. Tope halichambui. Utaona jiwe kubwa kama meza limekaa juu ya udongo na changarawe vikiwa vimechanganyika, mara nyingi mawe makubwa yako juu ya tuta na sio chini. Tope na mawe pia huacha kingo mbili za mawe sambamba na mkondo, na mwisho wake huwa ulimi mnene wenye mawe makubwa mbele na ukingo wa ghafla. Mkondo wenyewe hubaki umekwanguliwa hadi mwamba. Upepeo wenye mteremko wa zaidi ya nyuzi 4 au 5 mara nyingi umejengwa na tope na mawe. Ule uliolala zaidi umejengwa na maji.

Pima mawe 5 makubwa zaidi uliyoyakuta kwenye kila tuta, upande wa kati na sio ule mrefu, na uyapige picha pamoja na fimbo. Piga rangi namba. Jiwe lisilo na ukungu wala kuvu, lenye kona zenye ncha na makovu meupe ya kugongana, limefika karibuni. Lililofunikwa na kuvu na kuoza juu juu ni la zamani.

Miti nayo inasema. Shina lisilopanuka chini, lililozama ardhini wima kama nguzo, limefukiwa: chimba taratibu pembeni hadi ufikie mizizi na upime unene wa mashapo. Kovu kwenye gome upande wa juu wa kijito huonyesha kimo cha mawe au magogo yaliyopita. Panapokuwa na majira ya baridi au ukame mkali, pete za mwaka hukuwezesha kuhesabu kutoka kovu hadi gome na kupata mwaka wa tukio. Kwenye ukanda ambako mti hukua mwaka mzima pete haziaminiki, na afadhali utumie umri wa miti iliyoota juu ya tuta kama kikomo cha chini tu: tuta haliwezi kuwa changa kuliko mti ulioota juu yake.

Alama za maji ya juu, na jinsi zinavyodanganya

Alama bora ni mstari wa tope laini kwenye ukuta, au mstari wa mbegu na majani makavu uliolala mahali maji yalipokuwa yametulia. Hiyo ipe daraja la kwanza. Takataka zilizonasa kwenye shina ni daraja la pili, na takataka zilizoning'inia kwenye matawi ni la tatu.

Kwenye shina, kosa liko upande unaotazama juu. Maji ya kasi yakigonga kizuizi hupanda, na kimo cha kupanda ni kasi mara kasi ukigawa kwa 2 mara 9.81 (mchapuko wa mvutano wa dunia). Maji ya mita 3 kwa sekunde hupanda karibu sentimita 46; ya mita 4, sentimita 82. Ukisoma takataka za upande wa juu wa mti unaweza kuongeza nusu mita ambayo haikuwepo. Soma alama ya ubavuni, na uandike ulisoma wapi. Matawi membamba yana kosa lake: hulazwa na maji, yananasa takataka, kisha maji yakipungua yanainuka nazo. Utakuta majani makavu mita 3 juu mahali ambapo maji yalifika mita moja na nusu.

Chukua alama za kingo zote mbili. Kwenye kona, ukingo wa nje utakuwa juu zaidi, na tofauti hiyo ni zawadi kwa mpimaji. Kasi ni kipeuo cha pili cha 9.81 × nusu kipenyo cha kona × tofauti ya kimo ÷ upana wa maji. Kona yenye nusu kipenyo cha mita 30, upana wa mita 8 na tofauti ya mita moja inatoa kama mita 6 kwa sekunde. Kwa tope zito matokeo haya huwa ya juu mno, hivyo yachukue kama kikomo cha juu.

Wenyeji waulizwe mmoja mmoja, tena pale pale kijitoni. Usiulize "maji yalikuwa mengi kiasi gani?" Uliza maji yalifika ngazi ya ngapi, yaligusa dirisha au hayakugusa, yalikuja na sauti gani, daraja liliziba kabla au baada ya maji kuingia nyumbani, na mahali gani palibaki pakavu. Jibu la mwisho lina thamani kuliko watu wanavyodhani, maana linafunga mstari wa ramani kwa upande wa pili. Kumbukumbu huchanganya mafuriko mawili kuwa moja, kwa hiyo funga kila simulizi na tukio la familia lenye mwaka unaojulikana, kama harusi, mtoto kuzaliwa au nyumba kujengwa.

Hesabu ya maji

Tafuta kipande kilichonyooka, kisichotanuka kuelekea chini, chenye alama nzuri kwenye kingo zote, na urefu usiopungua mara 75 ya kina cha wastani. Pima mikato mitatu au zaidi ya mkondo. Kwa kila mkato pata eneo la maji, urefu wa ukingo uliolowa, na mteremko wa uso wa maji kutoka alama hadi alama. Mteremko wa sakafu ya kijito sio huo. Kisha tumia fomula ya Manning: kasi ni (1/n) × R kwa kipeo cha 2/3 × S kwa kipeo cha 1/2, ambapo R ni eneo ÷ ukingo uliolowa, S ni mteremko, na n ni ukwaru.

Hapo kwenye n ndipo hesabu nyingi za milimani huharibika. Majedwali ya kawaida hutoa 0.04 hadi 0.05 kwa kijito chenye mawe. Vipimo vya mito ya Colorado ambavyo Robert Jarrett alivichambua mwaka 1984 vilionyesha kwamba ukwaru huongezeka mteremko unapoongezeka, na fomula yake kwa mita ni n = 0.32 × S kwa kipeo cha 0.38 × R kwa kipeo cha hasi 0.16. Inafaa mikondo yenye mteremko wa takriban 0.002 hadi 0.04.

Chukua mkato wa upana wa mita 8 na kina cha mita 1.2, mteremko 0.03. Eneo ni mita za mraba 9.6, R ni 0.92. Ukitumia n ya 0.04 unapata kasi ya mita 4.1 na mita za ujazo 39 kwa sekunde. Kwa Jarrett, n ni 0.086, kasi ni mita 1.9, na maji ni mita za ujazo 18. Mkato ni ule ule, alama ni zile zile, na jibu limepungua kwa zaidi ya nusu. Njia rahisi ya kujikagua ni kulinganisha kasi uliyopata na kipeuo cha pili cha 9.81 × kina. Hapa ni mita 3.4. Kasi ikiizidi namba hiyo kwenye kipande kirefu cha kijito cha mawe, karibu kila mara n ndiyo iliyokosewa. Jambo jingine ni sakafu: baada ya mafuriko huenda imechimbwa au imejaa, na mkato unaoupima leo sio uliopitisha maji siku ile. Ndiyo maana tunapendelea mikato yenye mwamba walau upande mmoja.

Pale pasipo na alama, hesabu kutoka kwenye mvua. Kwa mabonde madogo: maji ya kilele ni 0.278 × mgawo wa mtiririko (sehemu ya mvua inayotiririka badala ya kunywea ardhini) × ukali wa mvua kwa milimita kwa saa × eneo. Muda wa mvua unaohitajika ni ule unaochukua tone kutoka mbali kabisa kufika mdomoni. Kwa fomula ya Kirpich, dakika ni 0.0195 × urefu wa mkondo (mita) kwa kipeo cha 0.77 × mteremko kwa kipeo cha hasi 0.385. Bonde letu la kilomita 2.4, mkondo wake ukishuka kwa mteremko wa 0.45, linatoa dakika 11 hivi. Sasa angalia tofauti. Mvua iliyosawazishwa kwa saa nzima, tuseme milimita 40, na mgawo wa 0.5, inatoa mita za ujazo 17 kwa sekunde. Lakini zile dakika 10 kali ndani ya saa hiyo hiyo, zikiwa na ukali wa milimita 90 kwa saa, zinatoa 38. Rekodi ya mvua ya siku nzima, ambayo ndiyo inayopatikana kwa urahisi, haiwezi kukuonyesha hili.

Kisha ongeza mashapo. Kama sehemu ya mashapo katika ujazo ni 0.3, zidisha maji kwa 1.43, ikiwa 0.5, zidisha kwa 2. Kwa maporomoko halisi ya tope na mawe njia hii haitoshi, kwa kuwa yanakuja kwa mawimbi na kilele chake huweza kuwa mara nyingi zaidi ya mafuriko ya maji ya bonde hilo hilo. Hapo tumia vipimo vya matuta na kimo cha makovu.

Madaraja, kalavati na magogo

Mafuriko mengi ya vijito huanza pale mkondo unapozibwa, kabla hata kingo hazijafurika zenyewe. Kila daraja na kalavati lipate fomu yake: upana wa uwazi, kimo kutoka sakafu hadi chini ya boriti, nguzo katikati kama ipo, mteremko kabla na baada, na ni wapi pa chini zaidi kwenye barabara pande zote mbili. Hilo la mwisho husahauliwa, wakati ndilo linaloonyesha maji yatakwenda wapi yakikosa njia.

Kalavati la bomba la kipenyo cha mita moja hupitisha kama mita za ujazo 1.4 kwa sekunde maji yakifika paji la mdomo wake. Liweke kando ya zile 38 hapo juu na hutahitaji modeli. Kwa madaraja, pima urefu wa magogo yaliyolala kijitoni na ya miti inayoinamia maji. Gogo lenye urefu unaozidi uwazi litakwama, na lenye mizizi hukwama hata likiwa fupi. Likikwama la kwanza, mengine yanafuata, kisha changarawe hujaza nyuma yake. Tarehe 24 Septemba 1993 mto Saltina uliziba hivyo kwenye daraja la mji wa Brig, Uswisi, ukamwagika mjini na kuujaza mashapo. Baadaye walijenga pale daraja linaloinuliwa na nguvu ya mafuriko yenyewe.

Kwa hiyo kila uwazi unaoweza kuziba uchorwe kwa hali mbili, wazi na umezibwa kabisa. Usichore "nusu". Ni makadirio yasiyo na msingi, na humfariji mtu asiyepaswa kufarijiwa.

Upepeo

Hapa ndipo watu hujenga, kwa sababu pana maji, udongo laini na mteremko mpole, na hapa ndipo ramani inapofanya kazi yake kubwa. Kwanza tafuta kilele cha upepeo, mahali kuta za korongo zinapoachia mkondo. Kisha tembea mkondo ukipima kina chake kila mita 20: kimo cha ukingo wa kushoto, sakafu, ukingo wa kulia. Mahali kina kinapopungua, mahali pa kona, na kila daraja ni pa kutorokea maji. Kila mahali hapo pawekee namba.

Kutoka kila namba fuata ardhi inavyoshuka. Usifuate mkondo. Njia za zamani zilizojaa nyasi, safu za mawe, vichochoro na hasa barabara zinazoshuka moja kwa moja huwa mikondo mipya. Hapa data za mita 30 hazifai kabisa, kwani kijito cha upana wa mita 6 na ukingo wa mita moja havionekani ndani yake. Pata picha za droni na mwinuko wa nusu mita au chini, au pima mistari ya mkato kwa mkono kwa kukatiza upepeo kila mita 50. Mara nyingi utagundua mkondo wa sasa unapita juu ya mgongo, na ardhi pembeni iko chini kuliko sakafu yake. Hapo kuhama kwa kijito ni suala la muda tu.

Sehemu ya upepeo inaweza kuwa imelala salama, endapo mkondo umejichimba chini sana. Kabla ya kuikubali, uliza kama sakafu ikipanda mita 2 kwa tukio moja, jambo la kawaida kwenye mafuriko ya mashapo, ukingo utabaki juu. Angalia pia udongo: tabaka nene la udongo mwekundu au mweusi juu ya mawe yaliyooza ni dalili ya utulivu wa muda mrefu, na kokoto safi chini ya kiganja kimoja cha udongo ni dalili ya kinyume chake.

Ukitumia modeli kama HEC-RAS, programu ya kuigiza mwendo wa maji, hakikisha seli 4 au 5 zinaingia ndani ya upana wa mkondo, na kumbuka kwamba kwa kawaida sakafu yake haitembei. Iendeshe mara kadhaa: sakafu ya leo, sakafu iliyoinuliwa mita moja, na kila daraja likiwa limezibwa. Ramani ni muungano wa majibu yote hayo. Jibu moja zuri kwenye skrini, lenye rangi laini, limeshawahadaa wengi.

Kutoka ushahidi hadi rangi

Mfumo wa Uswisi unafaa kuigwa kwa sababu hutenganisha ukali na marudio. Marudio hugawanywa kwa matukio ya miaka 30, 100 na 300. Tukio la miaka 100 lina nafasi ya asilimia 1 kila mwaka, na nyumba ikikaa miaka 30 nafasi ya kulikuta ni asilimia 26. Liandike hivyo kwenye ramani, maana wasomaji hudhani likitokea jana limekwisha hadi karne ijayo.

Kwa maji, ukali ni mkubwa kina kikizidi mita 2, au kina mara kasi kikizidi 2. Ni wa wastani kuanzia 0.5 hadi 2, na mdogo chini ya hapo. Maji ya kina cha sentimita 80 yanayokwenda mita 3 kwa sekunde yanatoa 2.4, hivyo yapo kwenye daraja kubwa ingawa hayafiki kifuani. Kwa tope na mawe, unene wa zaidi ya mita moja ukiambatana na kasi ya zaidi ya mita moja kwa sekunde ni ukali mkubwa, kimoja kikipungua ni wastani, na ukali mdogo haupo. Kumegwa kwa ukingo kwa zaidi ya mita 2 ni ukali mkubwa. Nyekundu ni hatari kubwa, buluu ya wastani, njano ndogo, na mistari ya njano na nyeupe ni kwa matukio adimu sana.

Ukanda wa kumegwa uchorwe peke yake. Linganisha kingo kwenye picha za miaka tofauti, ongeza upana upande wa nje wa kona na pale ukingo ulipo wa changarawe isiyoshikana, na usiupunguze kwa sababu ya ukuta wa mawe usiojua msingi wake umeingia chini kiasi gani. Maji huanza kuchimba chini ya ukuta, halafu ndipo unaanguka.

Chora kwa kipimo cha 1:2,000 hadi 1:5,000 penye makazi. 1:25,000 inafaa kwa muhtasari wa bonde tu. Toa karatasi mbili. Ya kwanza ni ya ushahidi: matuta, alama za maji, makovu, namba za picha, tarehe na daraja la uhakika la kila nukta. Ya pili ni ya hatari yenye rangi. Mstari uliopimwa uwe mzima, uliokadiriwa uwe wa vipande. Mipaka ya viwanja isiongoze mstari wa hatari, na ukiona mstari wako unapinda kwa uzuri kuzunguka jengo muhimu, rudi ukapime tena.

Mwisho tembea mpaka wa nyekundu mguu kwa mguu pamoja na watu wanaoishi pale, ramani mkononi, na usahihishe papo hapo. Kila tukio linalosogeza mawe, daraja jipya, msitu kuungua au mporomoko mpya unaogusa mkondo unabatilisha sehemu ya ramani. Weka nguzo za kudumu kwenye mikato mitatu ya upepeo na uzipime baada ya kila masika. Sakafu ikiwa imepanda zaidi ya nusu mita, rudia hesabu ya kila mahali pa kutorokea maji kuanzia nguzo hiyo kwenda chini.